Sebule Moja, Maana Mbili za Neno "Kisasa": Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Isyesye

Mwezi Januari, kwa kazi yangu ya ubunifu wa ndani ya nyumba, niliitwa kwenye nyumba moja ya Isyesye, jijini Mbeya, kutazama sebule ambayo wenyewe walisema imekamilika lakini haikaliki. Nilipofika, baba mwenye nyumba, ambaye ni mwalimu, na mkewe, anayefanya biashara ya mchele sokoni Mwanjelwa, walinikaribisha jikoni. Huko ndiko familia nzima ilikokuwa imehamia, kuanzia bibi aliyetoka Tukuyu kuja kukaa nao hadi watoto waliokuwa wakiandika kazi zao za shule juu ya meza ya kukatia mboga. Sebule yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mlango, mita tano na nusu kwa nne na nusu, ikiwa na vigae vya kijivu vinavyong'aa, dari la jipsamu lililoshushwa ngazi tatu na kuzungushiwa taa za zambarau, sofa ya chini iliyonyooka kama sanduku, mapazia mazito ya rangi ya dhahabu yenye vishada, na ukuta mmoja uliobandikwa vigae vilivyochorwa matofali. Kila kitu kilikuwa kipya, na kila kitu kilikuwa kimelipiwa.

Nimeruhusiwa kuandika kisa hiki bila majina, nami nakiandika kwa sababu neno lililowaponza wenye nyumba hii linawaponza wengi. Wote wawili walimwambia muuzaji wa samani aliyenitangulia kwamba wanataka sebule ya kisasa. Baba alimpa picha tano kutoka kwenye simu yake, mama akampa sita, na kijana wao anayesoma chuo akaongeza moja. Muuzaji hakuuliza swali lolote. Alichukua sofa kwenye picha moja, mapazia kwenye nyingine, dari kwenye ya tatu, akamridhisha kila mtu kwa kitu kimoja na kukiharibu chumba kwa jumla. Baba na mama walipoona matokeo, kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyeshinikiza mambo yake. Nilipowakuta, suala lilikuwa limeshavuka sofa na kufika kwenye nani anasikilizwa ndani ya nyumba.

Niliomba zile picha 12 na kuzitandaza zote mezani, jikoni palepale. Huwa nawaomba wateja wasitazame rangi kwanza, kwa kuwa rangi ndiyo inayobadilika kwa urahisi na ndiyo inayodanganya zaidi. Watazame miguu ya viti na meza, kisha pale ukuta unapokutana na dari, kisha wajiulize vitu vya watu wa chumba hicho vimewekwa wapi. Katika picha nne za baba, miguu ya viti ilikuwa ya mbao, myembamba, imetawanyika kidogo kwenda nje kama miguu ya mbuzi anayejizuia asiteleze, na ukuta ulikutana na dari bila pambo lolote. Katika picha tano za mama, miguu ilikuwa imepinda na kuchongwa, migongo ya sofa ilikuwa na vifungo vilivyozama kwenye sponji, na dari lilizungukwa na nakshi za jipsamu zilizopakwa dhahabu. Hawa watu wawili hawakuwa wakitaka kitu kimoja kwa viwango tofauti. Walikuwa wakitaka vitu viwili visivyo na undugu, na lugha yetu ilikuwa imewapa neno moja la kuvitaja.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha kisa. Wabunifu wa Ulaya na Marekani wanapozungumzia mtindo wa usasa wanakusudia kipindi mahususi cha historia. Katika mji wa Weimar nchini Ujerumani, mwaka 1919, msanifu majengo Walter Gropius alianzisha shule iliyoitwa Bauhaus, ambayo ilifundisha kwamba umbo la kitu litokane na kazi yake na kwamba kiwanda kinaweza kutoa kitu kizuri kwa ajili ya watu wengi. Shule hiyo ilihamia Dessau mwaka 1925 na kufungwa mwaka 1933 chini ya shinikizo la Wanazi, lakini walimu wake walitawanyika na mafundisho yao wakaenda nayo. Mmoja wao, Marcel Breuer, alianza kutengeneza viti vya mabomba ya chuma yaliyokunjwa katikati ya miaka ya 1920. Kiti cha bomba unachokalia leo kwenye ukumbi wa shule au ofisini ni mjukuu wa viti hivyo. Kwa maana hiyo, mtindo unaoitwa wa usasa una umri wa karibu miaka 100, na baadhi ya samani zake zina umri mkubwa kuliko bibi aliyekuwa amekaa pembeni yetu akichambua maharage.

Mtindo wa sasa hivi, ule unaobadilika kila miaka michache kufuatana na maonyesho ya samani na makontena yanayoshushwa bandarini, ni jambo jingine kabisa. Wanafasihi wetu walishalitatua tatizo hili upande wao kwa kusema usasa wanapotaja lile vuguvugu la kihistoria na usasabaadaye wanapotaja lililolifuata. Sisi wa nyumba na samani bado tunasema kisasa kwa vyote. Tangu kisa hiki nimeamua kusema usasa kwa ule mtindo wa karne iliyopita na mamboleo kwa kinachouzwa leo, na nimeona wateja wanaelewa mara moja.

Picha nne za baba zilikuwa za tawi la usasa lililostawi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa nchini Marekani na Denmark, kati ya miaka ya 1940 na 1960. Charles na Ray Eames, wabunifu wa Marekani waliokuwa mume na mke, walijifunza kukunja mbao za tabaka (plywood) walipokuwa wakitengeneza magango ya miguu ya majeruhi kwa ajili ya jeshi la maji la Marekani mwaka 1942, na baada ya vita wakaugeuza ujuzi huo kuwa viti. Nyumba za wakati huo zilikuwa nyingi, ndogo, zilizojengwa haraka, na samani ilipaswa kuwa nyepesi na kuonyesha sakafu chini yake ili chumba kionekane kipana. Ndiyo sababu ya ile miguu myembamba. Macho yakiona sakafu ikiendelea hadi ukutani, chumba kinapumua.

Picha ya tano ya baba ilikuwa ya mtindo wa Skandinavia, yaani wa nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Sweden, ambao watu wengi huuchanganya na huo wa kwanza kwa kuwa wote hupenda mbao na mistari iliyonyooka. Tofauti iko kwenye jua. Jijini Stockholm, mji mkuu wa Sweden, mwezi Desemba mchana ni wa takribani saa sita tu, kwa hiyo watu wa huko walipaka kuta nyeupe, wakachagua mbao za rangi ya maziwa na kuacha madirisha karibu wazi, ili wasipoteze hata chembe ya mwanga. Mbeya mchana haushuki chini ya saa 11 na nusu mwaka mzima, na mwanga wa mwinuko wa mita 1,700 ni mkali. Ukuta mweupe unaong'aa ambao Sweden ni faraja, hapa saa saba mchana unaumiza macho, na ikifika Februari, watoto wanaporudi na matope ya barabara ya Isyesye, unakuwa kazi ya kila jioni. Hata hivyo watu wa Skandinavia wanajua baridi, na sisi tuna baridi pia. Sufu, mbao chini ya miguu na taa ndogo za manjano zilizosambazwa chumbani, badala ya taa moja kubwa ya katikati, ni mambo tunayoweza kuyachukua kwao bila kubadilisha chochote.

Kuhusu picha tano za mama, nasema kwa uzito, kwa sababu nimewasikia wabunifu wenzangu wakiuita mtindo huo ushamba. Wanakosea. Sofa hizi ambazo madukani huitwa za Kituruki au za Dubai zina asili ya mbali katika majumba ya wafalme wa Ufaransa, hasa wakati wa Louis XV aliyetawala kuanzia 1715 hadi 1774, ambapo miguu iliyopinda na mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu zilikuwa lugha ya kumpokea mgeni kwa heshima. Nilipomuuliza mama kwa nini alizichagua, alinijibu kwamba wanunuzi wake wakubwa wa mchele wanatoka Dar es Salaam, hufika nyumbani, na anataka wakikaa wajue wamepokelewa. Jibu hilo lina maana kamili. Tatizo la mtindo huo katika nyumba yake lilikuwa vipimo. Vyumba vilivyouzaa vilikuwa na dari refu sana, wakati sebule ya Isyesye ilikuwa na kimo cha mita 2.8 kutoka sakafuni hadi darini, na zile ngazi tatu za jipsamu zilikuwa zimekula sentimita 25 katikati ya chumba. Ukikaa ulihisi dari limekujia kichwani. Nakshi inahitaji hewa juu yake.

Picha ya sita ya mama ilikuwa ya mamboleo yenye uchache: sofa ya chini isiyo na miguu, meza moja, ukuta mtupu. Ndiko ile sofa ya sanduku ilikotoka. Uchache ni mtindo mgumu kuliko unavyoonekana, na msingi wake ni kabati. Msanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe, ambaye banda lake la maonyesho la Barcelona la mwaka 1929 bado hutajwa kama mfano, alibakiza kidogo, lakini kila alichobakiza kilikuwa jiwe, kioo na chuma cha thamani kubwa, tena hakuna familia iliyokuwa ikiishi humo. Familia inayotaka uchache lazima iwe na mahali pa kuficha maisha yake. Katika nyumba hii stoo ilikuwa ndogo, na kuanzia Mei mavuno yanapoingia, magunia matatu au manne ya mchele husimama sebuleni nyuma ya mlango. Gunia lililo nyuma ya mlango katika chumba chenye vitu vingi halionekani sana, lakini katika chumba chenye uchache ndilo kitu cha kwanza kuonekana.

Picha ya kijana ilikuwa ya ukuta wa matofali uliobaki wazi, na mabomba na chuma cheusi. Mtindo huo wa kiwanda ulikua katika mtaa wa SoHo jijini New York, ambako wasanii waliingia kwenye viwanda vilivyohamwa katika miaka ya 1960, mpaka jiji likawaruhusu rasmi kuishi humo mwaka 1971. Kule tofali lilisimulia kwamba jengo la kazi limepata uhai mpya. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako kila kijiji kina tanuri la matofali ya kuchoma, tofali lisilopigwa lipu linasimulia habari nyingine: ujenzi umesimama, fedha imekwisha. Bibi alipoona vigae vile vya kuiga matofali alimuuliza mwanawe kwa upole kama fundi atarudi kumalizia. Hakukosea kusoma. Alisoma kwa lugha ya mahali alipo, na mtindo wowote unasomwa hivyo. Kuubandika ukuta picha ya matofali, huku nyuma yake kuna matofali halisi ya kuchoma ya Mbeya, lilikuwa ndilo jambo lililonisikitisha kuliko yote katika nyumba ile.

Kabla ya kupendekeza chochote niliomba tukae sebuleni saa moja. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Nilivua viatu. Vigae vilivyochomwa sana hunyonya joto la unyayo haraka kuliko mbao, ingawa vyote viwili viko kwenye hewa ileile, na baada ya dakika kumi miguu yangu ilikuwa inauma. Nikafikiria Juni na Julai, wakati usiku wa Mbeya mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10. Kisha nikauliza dirisha kubwa, la mita 3.2, linatazama wapi. Linatazama kaskazini. Mbeya iko karibu digrii tisa kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, likiwa limeinama kiasi cha kuingia ndani ya chumba, na mwezi Desemba huhamia kusini, juu karibu na utosi, lisiweze kupita kwenye dirisha hilo. Nyumba hii ilikuwa imejaliwa dirisha linaloleta jua wakati wa baridi na kulizuia wakati wa joto, na dirisha hilohilo ndilo lililofunikwa kwa mapazia mazito ya dhahabu, yaliyoshonwa yasifunguke zaidi ya robo tatu.

Baada ya hapo swali la mtindo gani ulikuwa sahihi lilipungua uzito, na tulianza kuuliza kila mtindo ulikuwa dawa ya shida ipi, na ni shida zipi kati ya hizo tulizo nazo. Baba alitaka wepesi na nafasi. Usasa wa miaka ya 1950 ulikuwa nao. Mama alitaka heshima ya mgeni. Samani ya kuchongwa ilikuwa nayo. Sote tulitaka joto. Skandinavia ilikuwa nalo. Pwani nako kulikuwa na somo. Nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa dhidi ya joto, kwa hiyo kuta nene na vyumba vya kivuli tuliviacha, lakini baraza, yaani benchi lililojengwa pamoja na ukuta, lilikuwa jibu la watu wengi kukaa mahali pembamba, kwa kuwa upana wa vyumba vyao ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, takribani mita 2.5 hadi 3.

Tulichofanya ni hiki. Ngazi mbili za jipsamu zilitolewa ikabaki ile ya pembezoni, ambayo mama aliichagulia nakshi mwenyewe, na taa za zambarau zikabadilishwa kuwa za manjano. Vigae vya kuiga matofali vilibanduliwa na ukuta ukapigwa lipu na kupakwa rangi ya udongo isiyong'aa. Kijana alipewa ukuta mmoja wa chumbani kwake, ambako tulikwangua lipu mpaka tukayafikia matofali halisi na kuyapaka mafuta ya kuzuia vumbi. Chini ya dirisha la kaskazini nilichora benchi la mbao za paini kutoka Mafinga, kimo cha sentimita 45 na kina cha 60, lenye vifuniko vinavyoinuka, na ndani yake magunia matatu ya mchele yanalala kwa urefu. Ubavu wake ulitobolewa matundu ili nafaka isipate joto na unyevu. Mapazia mazito yalikatwa upya yafunguke hadi nje ya fremu ya dirisha.

Samani ndiyo iliyochukua muda. Katika stoo nilikuta viti vinne vya mninga alivyoviacha marehemu baba wa mwenye nyumba, vya fremu ya mbao na mito inayotolewa, miguu imetawanyika kama ile ya kwenye picha, vimetengenezwa na seremala wa Mbeya ambaye huenda hakuwahi kusikia jina la Eames. Baba alifurahi kupita kiasi. Mama alivikataa katakata: kwake vilikuwa viti vya kusubiria ofisini, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi ili asivione tena. Sikuona kwamba alikuwa na hoja dhaifu kuliko mumewe. Kumbukumbu ya kitu ni sehemu ya kitu. Tulikubaliana viwili viingie, viungio vyao vifunguliwe na kuunganishwa upya, mito ivishwe kitambaa kizito alichokichagua mama, na upande wa pili wa zulia iwekwe sofa moja tu ya kuchongwa, ya watu watatu, yenye vifungo kama alivyotaka. Sofa ya sanduku iliuzwa. Mninga na ile sofa havikugombana, kwa sababu tuliilinganisha rangi ya mbao na kuviacha mbali kidogo, kila kimoja na nafasi yake. Vikapu viwili vya milulu vya Iringa vilichukua vitabu na magazeti, na mkeka wa bibi uliwekwa juu ya benchi.

Nilirudi katikati ya Julai, saa nane mchana. Pazia lilikuwa wazi, jua limeingia hadi miguu ya ile sofa, na bibi alikuwa amekaa kwenye benchi amelipa jua mgongo huku akisuka. Mama aliniambia kwamba wageni wake hukaa kwenye sofa dakika chache, kisha huhamia benchini wenyewe.

Niliporudi tena Septemba nilikuta kosa langu. Mbao za vifuniko vya benchi zilikuwa zimefungwa kwa gundi mwezi Machi, katikati ya masika, zikiwa zimevimba kwa unyevu, na nilimruhusu seremala aziunganishe siku ya pili tu baada ya kufika kutoka Mafinga. Kiangazi cha Mbeya kilipozikausha zilijivuta, na vifuniko viwili vikapasuka kwenye maungio, upana wa kutosha kupitisha punje ya mchele. Zilipaswa kulala ndani ya chumba kile kile wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Nilivibadilisha kwa gharama yangu, safari hii kwa mbao zilizokaushwa kiwandani na kuunganishwa bila gundi, ubao mmoja ukiwa na ulimi na wa pili mfereji, ili kila mmoja uweze kuvimba na kunywea mahali pake.